Chai ya kijani ya Kijapani imetoka chungu kama shubiri: nimekosea wapi?

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Unguja. Mdogo wangu anasoma Fukuoka, Japani, na alipokuja likizo aliniletea pakiti nne za chai na kikopo kimoja kidogo. Maandishi yote ni ya Kijapani, siwezi kusoma hata herufi moja. Nilianza na pakiti ya kwanza, majani yake membamba ya kijani kama sindano. Nikatia vijiko vitatu vya kulia kwenye sufuria pamoja na maziwa, iliki na sukari, nikaiacha itokote kama ninavyopika chai siku zote. Ikatoka chungu kama shubiri, hakuna aliyemaliza kikombe. Pakiti ya pili nilipoifungua ikaninukia mwani, nikaogopa imeharibika, nikaifunga. Ya tatu ina majani ya kahawia yenye harufu ya njugu za kukaanga. Ya nne imechanganywa na punje za mchele na kitu kama bisi. Kikopo kina unga wa kijani kibichi. Je, zimeharibika njiani? Zinapikwaje? Halafu jirani ananiambia chai hii inayeyusha mafuta ya tumbo na inatibu sukari. Mama yangu ana sukari na anameza vidonge, nami kliniki waliniambia nina upungufu wa damu, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Tunaweza kuinywa?"*

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Kwanza tulia. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba kuna hata pakiti moja iliyoharibika. Uchungu ule haukutoka kwenye pakiti, umetoka kwenye sufuria. Na ile iliyokunukia mwani, uliyoifunga kwa hofu, huenda ndiyo iliyomgharimu mdogo wako pesa nyingi kuliko nyingine zote. Iweke mahali pazuri, nitaifikia.

Ili uwe na hakika, geuza kila pakiti utafute tarehe. Wajapani huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Hiyo ni tarehe ya ubora: chai kavu iliyofungwa vizuri haigeuki sumu kesho yake, inapungua harufu na utamu tu. Adui wa kweli ni unyevu. Ukiona ukungu, au ukisikia harufu ya uvundo kama ya nguo iliyoanikwa ndani, hiyo itupe. Harufu ya mwani si uvundo.

Sasa tuje kwenye sufuria. Wengi wetu tunadhani chai ya kijani ni mmea mwingine, aina ya mti wa dawa. Sivyo. Ni mmea uleule unaolimwa Usambara, Mufindi na Kericho, Camellia sinensis, isipokuwa kwetu tumepanda zaidi ule wa asili ya Assam wenye majani mapana, na Japani wanapanda ule wa asili ya China wenye majani madogo unaostahimili baridi. Kinachowatenganisha ndugu hawa wawili ni yale yanayofanyika saa chache baada ya kuchuma. Kwetu majani huachwa yanyauke, yakasagwa, kisha yakaachwa yapate hewa hadi yageuke kahawia. Umekwishaliona jambo hili jikoni: kata bilinganya, liache kidogo, litageuka rangi. Ndani ya jani mna kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hewa inapoingia. Wajapani hawakipi nafasi. Majani yakishachumwa tu hupitishwa kwenye mvuke wa moto, kwa kawaida kati ya nusu dakika na dakika mbili, kimeng'enya kikafa, rangi ya kijani ikabaki. Kisha husokotwa huku yakikaushwa mpaka yawe sindano kama zile ulizoziona. Ufundi huo wa kuanika kwa mvuke na kusokota ulikamilishwa na mkulima wa Uji, karibu na Kyoto, aitwaye Nagatani Soen, mwaka 1738. Chai yake inaitwa sencha, na ndiyo iliyomo kwenye pakiti yako ya kwanza.

Basi kama kimeng'enya kimekufa, kila kilichokuwa ndani ya jani bichi bado kimo. Na humo mna vitu vitatu vinavyokuhusu wewe mpishi. Cha kwanza ni katekini, zinazoleta uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ulivyouma bibo bichi. Cha pili ni kafeini, chungu nayo. Cha tatu ni theanini, yenye utamu mzito unaofanana na wa supu, si wa sukari. Theanini huyeyuka hata kwenye maji ya uvuguvugu, hata ya baridi. Katekini na kafeini hutaka moto: kadiri maji yanavyokuwa ya moto na majani yanavyokaa ndani, ndivyo zinavyomiminika. Katika chai yetu ya mkandaa, yaani chai ya rangi, sehemu kubwa ya katekini zimekwishageuka zilipopata hewa, ndiyo maana inavumilia kutokota. Ya kijani zimo zote. Ukiichemsha robo saa, na vijiko vitatu vya kulia, umezikamua mpaka ya mwisho. Maziwa hushika sehemu ya ukakasi, lakini kwa wingi ule yasingefua dafu.

Nami nililifanya kosa hilohilo. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kuonja chai Mombasa, na katika chumba cha kuonjea tunamimina maji yanayochemka, tunasubiri dakika tano sita, tunavuta kwa kijiko, tunatema. Sencha ya kwanza niliyoletewa niliifanyia vivyo hivyo, nikaiandika kuwa mbovu. Baadaye nilipata bahati ya kwenda Makinohara, mkoa wa Shizuoka, uwanda ulioanza kupandwa chai mwaka 1869 na waliokuwa askari wa ukoo wa Tokugawa baada ya utawala wao kuanguka. Mkaguzi mmoja mzee akanionyesha meza yake: gramu 3 za majani, maji yanayochemka, bakuli jeupe. Nikamwambia, kumbe nanyi mnachemsha! Akajibu kwamba maji yanayochemka hutoa aibu zote za jani, na kazi ya mkaguzi ni kutafuta aibu. Nyumbani kwake jioni alipika chai ileile kwa njia nyingine kabisa. Wewe dada, siku ile, uliikagua chai yako. Hukuinywa.

Nikueleze alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye kila kitu. Alichukua maji yaliyokwisha kuchemka akayamimina kwenye vikombe vitatu vidogo vitupu. Akavishika kwa viganja, akangoja. Vilipokuwa vya moto lakini vinashikika, akayarudisha maji yale kwenye buli dogo la udongo lenye mkono wa pembeni, ambamo alikwishatia majani. Akafunika. Hakutikisa, hakukoroga. Kama dakika moja ilipopita akaanza kumimina: kidogo kikombe cha kwanza, kidogo cha pili, kidogo cha tatu, kisha akarudi cha tatu, cha pili, cha kwanza, ili wote tupate ukolevu mmoja. Mwisho akaliinamisha buli akasubiri matone. Moja. Jingine. Hakuliinua mpaka tone la mwisho lilipodondoka. Kwenye kikombe rangi ilikuwa kijani chenye umanjano, na vumbi laini la majani likielea chini. Nilipokunywa, ulikuja kwanza utamu, halafu uchungu mdogo kama wa mchicha mchanga, na baada ya kumeza utamu ukarudi kooni. Ni jani lilelile nililoliandika kuwa bovu.

Huna haja ya kipimajoto. Maji yakichemka Unguja ni nyuzi 100. Kila unapoyamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine kilicho baridi hupungua kama nyuzi 10. Mimina mara tatu, umefika karibu na nyuzi 70, na hapo ndipo sencha inapotaka. Wazee wetu walikuwa wakipoza chai kwenye kisahani. Hii ni hekima ileile, tofauti ni kwamba Mjapani anapoza maji kabla hayajakutana na majani. Kwa watu wawili, tia vijiko viwili vya chai vya majani, kama gramu 4 au 5, kwenye maji ya kiasi cha kikombe kimoja cha chai, mililita 200. Dakika moja. Kama ukifungua pakiti unaona majani yamevunjikavunjika na yana unga mwingi, hiyo ni sencha iliyoanikwa muda mrefu kwenye mvuke, nayo inatosha sekunde 30 hadi 40. Mimina yote, usibakize maji juu ya majani, kwani yakibaki yataendelea kukamuka na duru ya pili itakuwa chungu. Duru ya pili tumia maji ya moto zaidi kidogo, na usubiri sekunde 10 au 15 tu, maana majani yamekwishafunguka. Duru ya tatu ipo pia. Majani hayohayo hunywewa mara tatu.

Na kwa joto la Unguja mwezi wa pili, ipo njia ambayo haiwezi kukuharibikia. Tia gramu 10 hadi 15 za sencha, kama vijiko viwili vya kulia, kwenye lita moja ya maji baridi ya kunywa, weka kwenye friji saa tatu mpaka sita, chuja. Maji baridi hayana nguvu ya kutoa uchungu mwingi, kwa hiyo inatoka tamu na kafeini yake ni ndogo kuliko ya moto. Wape wale waliokataa kumaliza kikombe. Naamini watarudi.

Sasa ile ya mwani. Kama majani yake ni ya kijani cha giza, yanang'aa, na ukifungua inanukia ufukwe maji yakiwa yamekupwa, karibu nina hakika ni gyokuro. Mdogo wako yuko Fukuoka, na mkoa huohuo una mji wa Yame, unaosifika Japani nzima kwa gyokuro. Mkulima hukifunika kichaka cha chai kwa mikeka ya majani makavu au vitambaa vyeusi kama siku 20 kabla ya kuchuma. Kwa nini? Theanini hutengenezwa mizizini, ikapanda majani, na huko jua huigeuza polepole kuwa katekini. Ukilizuia jua, theanini inabaki ilivyo. Jani nalo, likiwa gizani na njaa ya mwanga, hujaza rangi ya kijani ili linase kila mwale unaopenya. Kivuli hichohicho ndicho kinachozaa ile harufu. Kiini chake ni kilekile kilichomo kwenye mwani uliokaushwa. Pua yako haikukudanganya, dada. Watu wa Paje na Jambiani wanaoanika mwani kila siku wangeitambua kabla ya mtu wa Kyoto kuwaeleza.

Utamu wake nao una ujamaa na bahari. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae alichunguza supu ya mwani unaoitwa kombu, akagundua ladha ambayo si tamu, si chumvi, si chachu, si chungu. Akaiita umami. Ndiyo ile inayokufanya urudie bakuli la supu ya pweza Forodhani. Gyokuro imejaa ladha hiyo. Lakini haitaki kunywewa kama chai. Chukua vijiko vitatu vya chai vya majani, gramu 6 hivi, maji mililita 60 tu, zaidi kidogo ya robo kikombe, yaliyopozwa mpaka nyuzi 50 au 60: ukikishika kikombe kwa viganja kinakuwa cha moto bila kuunguza. Subiri dakika mbili. Utapata mafunda matatu manne, mazito karibu kama mafuta. Weka ulimini, acha yatambae. Wengine hawaipendi mara ya kwanza na si lazima uipende. Ila usiitie sukari wala maziwa kabla hujaionja hivi walau mara mbili. Na usiinywe usiku: majedwali ya vyakula ya serikali ya Japani yanaipa gyokuro miligramu 160 za kafeini kwa mililita 100, wakati kahawa wanaipa 60 na sencha 20. Kinachookoa ni udogo wa kikombe.

Ya kahawia ni hojicha. Hii ni chai ya kijani iliyokaangwa kwenye moto mkali, mtindo ulioanzia Kyoto miaka ya 1920. Moto umeondoa sehemu kubwa ya ukali wake, umeleta harufu ya njugu. Ndiyo utakayoizoea upesi, kwa kuwa haijali maji yanayochemka: vijiko viwili, maji ya moto moja kwa moja, nusu dakika, basi. Na hii ndiyo ya kupika kwa maziwa na iliki kama ulivyotaka. Itoe kwanza rangi kwenye maji kidogo, kisha ongeza maziwa. Wajapani wenyewe huinywa na maziwa. Utasikia watu wakisema haina kafeini. Inayo, majedwali yaleyale yanaipa 20 kwa mililita 100, sawa na sencha, kwa sababu watu huitia majani mengi. Ukitia kidogo inapungua. Mimi naiona inafaa baada ya futari nzito.

Ya mchele ni genmaicha. Mchele umekaangwa, punje nyingine zikapasuka, ndizo hizo bisi. Maji yanayochemka, nusu dakika. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mchanganyiko ni mchele, ni nyepesi kuliko zote.

Unga wa kijani ni matcha, na hapa nina maneno, kwa sababu tangu 2024 mahitaji ya matcha yamepanda duniani na unga wa kila namna unauzwa kwa jina hilo. Matcha si sencha iliyosagwa. Ni majani ya kivulini, kama ya gyokuro, ambayo hayakusokotwa. Hukaushwa yakiwa bapa, yakatolewa vikonyo na mishipa, kisha yakasagwa kwa jiwe polepole. Jiwe moja hutoa kama gramu 40 tu kwa saa, maana likienda mbio hupata moto na kuunguza harufu. Yako ikiwa kijani kibichi kama ulivyosema, na laini kama poda ya mtoto ukiisugua kwa vidole, ni nzuri. Ile yenye rangi ya manjano au ya majani makavu, inayokwaruza vidoleni, ni ya kupikia keki. Utaratibu wa kupiga unga kwenye bakuli ni mkongwe kuliko sencha: mtawa Eisai alirudi Japani kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na unywaji wa zama zile ulikuwa wa unga.

Chekecha kijiko kimoja cha chai, gramu 2, kwenye bakuli, ili kisibaki kidonge. Mimina maji mililita 70 ya nyuzi 75 hadi 80. Wao hupiga kwa kifagio kidogo cha mwanzi; wewe kama huna, chukua mchapo mdogo wa mayai, au tia kwenye chupa yenye mfuniko mzuri utikise kwa nguvu, ila maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu ya moto yatafyatua mfuniko. Piga mbele na nyuma, usizungushe, mpaka povu laini lifunike juu. Kabla ya kunywa kula kitu kitamu. Hili halihitaji mtu wa Pwani kufundishwa: sisi tunatanguliza halua ndipo tunakunywa kahawa chungu, nao hutanguliza peremende za maharage mekundu ndipo wanakunywa matcha. Kipande cha halua ya Zanzibar na matcha nimevijaribu pamoja mara nyingi. Vinakwenda vizuri mno.

Neno moja la maji. Chai za Japani zimekuzwa na kuonjwa kwa maji laini. Maji ya kisima yenye chumvi au chokaa, yale yanayoacha weupe kwenye birika, yatakupa chai bapa yenye utando juu, hata ukipima nyuzi kama fundi. Tumia ya chupa yenye madini machache. Na kwa kuwa nyumba zetu zina karafuu, mdalasini na unyevu wa bahari, usiziache pakiti wazi kabatini. Jani la chai hunyonya harufu kama pamba. Kila pakiti uliyoifungua itoe hewa, ifunge, itie kwenye kopo lisilopitisha mwanga, umalize sencha ndani ya mwezi na matcha mapema zaidi. Zile ambazo hujazifungua zinaweza kukaa friji, lakini ukizitoa ngoja nusu siku zipate joto la chumba ndipo ufungue. Ukifungua ikiwa baridi, hewa yetu itatoa jasho juu ya majani.

Sasa afya, na hapa nitasema ninachokijua kisha nitakukabidhi kwa wenyewe, maana mimi ni mtu wa chai, si daktari. Kuyeyusha mafuta ya tumbo: hapana. Tafiti zimefanywa nyingi, na tofauti ya uzito inayoonekana ni ndogo mno kiasi kwamba mtu haioni kiunoni. Faida kubwa utakayoipata ni kuinywa bila sukari badala ya chai yenye vijiko vitatu. Kwa mama yako ni hivyohivyo: kikombe cha sencha au hojicha isiyo na sukari kwa kawaida ni kinywaji kizuri kwake, ila si dawa. Asiache kidonge hata kimoja. Kama ana dawa nyingine, amwonyeshe daktari orodha yote. Chai ya kijani inajulikana kupunguza nguvu ya nadololi, dawa ya presha na moyo. Na kwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, majani haya yana vitamini K; kwenye chai iliyochujwa ni kidogo, lakini kwenye matcha unameza jani zima.

Suala lako la damu ndilo linalonihusu zaidi. Katekini hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, kunde, maharage na kwenye vidonge vyako, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Chai yoyote hufanya hivyo, ya mkandaa ikiwemo, na huenda umekuwa ukimeza kidonge kwa kikombe cha chai asubuhi bila mtu kukueleza. Kimeze kwa maji au kwa juisi ya chungwa au ndimu, inayosaidia madini kuingia. Chai iache iwe mbali na mlo na kidonge, saa moja kwa uchache, na mbili ni bora. Mpaka damu yako ipande, ningekushauri unywe kikombe kimoja chepesi cha hojicha au genmaicha alasiri, na gyokuro na matcha uzionje tu, usizifanye za kila siku. Ukiwa mjamzito waeleze kliniki. Kiwango ambacho mamlaka ya chakula ya Ulaya inakiona salama kwa mjamzito ni miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka kwenye vinywaji na vyakula vyote. Kama una vidonda vya tumbo, usinywe kabla ya kula.

Usisubiri chai wala chakula vikuponye ikiwa unapata kizunguzungu, unahema ukipanda ngazi, moyo unakwenda mbio umekaa, au viganja vimekuwa vyeupe. Rudi kliniki upimwe tena, na waulize damu inapotelea wapi: hedhi nyingi, minyoo, malaria au jambo jingine. Vidonge hujaza, lakini haviulizi inakovujia. Na jirani akikuletea vidonge vya kukonda vilivyotengenezwa kwa chai ya kijani, vikatae. Kunywa chai na kumeza utomvu wake uliokolezwa ni mambo mawili tofauti; vidonge vya namna hiyo vimewahi kuumiza maini ya watu. Aliyekwisha kuvimeza akaona macho yana umanjano au mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa, aende hospitali siku hiyohiyo.

Ningekuwa jikoni kwako ningeanza leo na hojicha ya maziwa na iliki, ili nyumba isamehe yaliyopita. Kesho sencha ya friji. Pakiti hiyo ya sencha umekwishaifungua, hivyo imalize kwanza. Gyokuro ingoje siku mdogo wako atakapopiga simu ya video, muipike pamoja, yeye kule na wewe huku, maana nadhani anatamani kukuona ukiionja. Na ukishainywa duru tatu usiyatupe majani. Yatakuwa yamefunguka, laini kama mchicha uliopikwa kidogo. Huko kwao huyala na mchuzi wa soya. Wewe yakamulie ndimu, nyunyiza chumvi, ukipenda tia pilipili mbuzi kidogo, wenzako wale na wali mweupe; wewe mpaka damu yako ipande yaonje tu, mbali na mlo na kidonge.